Barua ya wazi kwa wasimamizi wa afya Mombasa: mzazi asiondolewe tena kando ya kitanda cha mwanawe

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Kaunti ya Mombasa,
Kwa Waziri wa Afya wa Kaunti na maafisa wote walio chini yake,
Nakala kwa Waziri wa Afya katika Serikali ya Kitaifa.

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima na kuwatakia afya njema nyinyi pamoja na familia zenu.

Mimi ni fundi wa nguo, mkazi wa Kibokoni katika Mji wa Kale, na ni mama wa watoto watatu, wawili wako nami na mmoja ametangulia. Binti yangu wa kwanza alifariki mwezi Agosti mwaka 2018 akiwa na umri wa miaka tisa. Hakufariki kwa korona, kwani wakati huo korona ilikuwa haijasikika popote. Alifariki kwa selimundu, ugonjwa wa damu ambao nyumba nyingi za pwani yetu zinaujua kwa machungu yake hata pale zisipoujua kwa jina. Hata hivyo ninayotaka kuwaambia yanahusu janga la korona, kwa kuwa ni katika miezi ile ya 2020 ndipo nilipoelewa nilichopewa siku aliyofariki mwanangu, na ni katika miezi hiyo hiyo nilipomwona mama mwingine akinyimwa kitu kicho hicho.

Naomba mnivumilie nieleze kwanza habari za mwanangu, maana ombi langu lote limo humo.

Selimundu hurithiwa. Mimi na mume wangu kila mmoja wetu anaubeba ugonjwa huu bila kuugua, na kwa wazazi wa namna yetu kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kumleta mtoto mgonjwa. Madaktari wametueleza kwamba anayeurithi upande mmoja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali, na ndiyo sababu umekita mizizi mahali palipozoea mbu kama hapa kwetu. Kwa aliyeurithi pande zote mbili, chembe za damu hujikunja mfano wa mundu, zikaziba mishipa midogo, na mtoto akashikwa na maumivu ya mifupa ambayo mzazi hana macho ya kuyatazama. Ya binti yangu yalikuwa yakija usiku, hasa nyakati za kusi baridi inapoingia. Kwa miaka tisa nilijua ni dereva gani wa tuktuk mtaani kwetu asiyezima simu yake akilala, na nilijua ni kichochoro gani cha kupita ili tuktuk isiruke mawe na kumtonesha.

Usiku wa mwisho tulitoka nyumbani saa nane. Wadi ya watoto katika hospitali ile ya umma ilikuwa imejaa, na vitanda vingine vilikuwa na watoto wawili wawili. Muuguzi wa zamu, mwanamke wa makamo ambaye nilikuwa sijapata kumwona kabla ya usiku ule, alimtundikia mwanangu maji na oksijeni, kisha akaingia chumba cha pili akarudi na kiti cha plastiki cha rangi ya buluu, mguu wake mmoja umefungwa waya mahali ulipopasuka. Akakiweka ubavuni mwa kitanda na kuniambia, "Mama, kaa hapa, asikuone umesimama akadhani unaondoka." Katika kiti hicho nilikaa mpaka adhuhuri ya siku ya pili. Nilimshika mkono usiokuwa na sindano. Aliniuliza kama nimefunga mlango wa uani, kwa sababu paka wake alikuwa nje, nikamwambia nimeuacha wazi kidogo. Hayo ndiyo maneno yetu ya mwisho yaliyo kamili, nami nimeishi nayo tangu siku hiyo.

Alasiri ile ile tulimwosha nyumbani, mimi, mamangu na shangazi yake, kwa maji ya uvuguvugu yaliyotiwa majani ya mkunazi yaliyopondwa, na maji ya mwisho tukayatia kafuri. Nilizisuka nywele zake misuko mitatu kama ilivyo sunna kwa mwanamke. Kwenye kiwiko cha mkono wa kulia nilikuta kovu alilolipata alipoanguka ngazini akiwa na miaka minne, nikalipitishia maji polepole, na shangazi yake hakunihimiza. Kisha jeneza likatoka kwa wanaume, likipokezanwa bega kwa bega katika vichochoro hadi msikitini na kutoka msikitini hadi makaburi ya Kikowani. Kwetu wanawake hatuandamani na jeneza, kwa hiyo kule kuosha ndiko kuagana kwetu. Mama asiyeosha hana pengine pa kuagania. Naomba jambo hili mlishike, kwa sababu nitalirudia.

Nyumba yetu ilijaa watu siku tatu. Walisoma hitma, wakapika, wakatukoshea vyombo, wakalala sakafuni pamoja nami.

Waheshimiwa, sikuyaona hayo kuwa ni neema. Nakiri mbele yenu kwamba kwa muda wa mwaka mmoja na nusu nilikuwa mtu mwenye uchungu mwingi. Kila aliyeniambia "shukuru, una wengine wawili" nilimchukia moyoni, na neno hilo la kushukuru nikaona ni neno la kumziba mdomo aliyefiwa ili waliomzunguka wapumzike. Nililaumu wadi iliyojaa, nililaumu damu iliyochelewa kupatikana, nililaumu hata wale waliorudi kwenye shughuli zao siku ya nne. Kuna lawama katika hizo ambazo bado nazishikilia, kwa kuwa zina haki. Lakini sikuwa nimewahi kumkumbuka muuguzi yule wala kiti chake.

Ikaja Machi 2020. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa tarehe 13, shule zikafungwa, misikiti na makanisa yakafungwa, na tarehe 27 tukaanza kukaa chini ya kafyu ya saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Watu wa Mombasa hawajasahau jioni ile ya kwanza katika kivuko cha Likoni, watu walipopigwa na kurushiwa vitoa machozi nao wakiwa mbioni kurudi makwao. Mimi usiku ule sikulala, na nilichokuwa nikikiwaza ni tuktuk. Nilijiuliza, lau maumivu ya binti yangu yangalikuja usiku huo, ni dereva gani angalithubutu kutoka, na ningalimwambia nini askari katika kona ya kwanza. Amri yenyewe haikumkataza mgonjwa kwenda hospitali, lakini njia ilikuwa haina gari, na mgonjwa asiye na gari lake hufika kwa gari la mwenzake. Hapo ndipo, kwa mara ya kwanza tangu tumzike, nilisema "Alhamdulillahi" juu ya kifo cha mwanangu bila kuambiwa na mtu. Neno lilinitoka gizani, nikashtuka kulisikia.

Tarehe 8 Aprili kaunti yetu ilifungwa pamoja na Kilifi na Kwale, hakuna kuingia wala kutoka. Tarehe 6 Mei, katikati ya Ramadhani, Mji wa Kale wenyewe ukafungwa, na tukabaki ndani ya vizuizi hadi tarehe 6 Juni. Tulifuturu kila nyumba kivyake, adhana ikisomwa na milango ya misikiti imefungwa, na Idi ikatukuta humo humo. Sina nia ya kubishana na uamuzi huo, kwani maradhi yalikuwa mtaani kwetu kweli na hakuna aliyekuwa na uzoefu. Naandika juu ya jambo moja lililotokea ndani ya siku hizo.

Jirani yangu alikuwa na mwana wa kiume wa miaka kumi na mmoja, kifua chake kikimsumbua tangu utotoni. Wiki moja baada ya mtaa kufungwa alishikwa na homa na kukosa pumzi. Gari la wagonjwa lilikuja na watu waliovaa mavazi meupe ya kujikinga, wakamchukua mtoto, na mama akaambiwa abaki. Babake alikuwa kazini Lamu na hakuweza kuvuka mpaka wa kaunti. Kwa siku tatu yule mama alikuwa akipiga simu hospitalini, mara nyingine ikapokewa na mara nyingine isipokewe, na siku ya tatu akapigiwa yeye. Mwili haukuletwa nyumbani. Ulizikwa siku hiyo hiyo mbele ya wanaume wachache, ukiwa ndani ya mfuko, na waliozika hawakuuona uso. Majibu ya kipimo yalikuja baadaye, na mtoto hakuwa na korona. Sitataja hospitali hiyo, kwa sababu waliokuwa zamu walifuata maagizo waliyopewa na wenyewe walikuwa na hofu ya kufa.

Kwa kuwa sote tulikuwa ndani ya vizuizi, niliweza kumwendea. Nilimkuta ameketi kwenye mkeka, na mbele yake pana beseni la maji yaliyokwisha kupoa, leso mpya iliyokunjwa, na bakuli la majani ya mkunazi aliyoyaponda tangu asubuhi alipopata habari, akitarajia kwamba mwanawe angeletwa. Majani yalikuwa yameshabadilika rangi. Tulikaa kimya muda mrefu. Kisha akaniuliza, "Wewe wako ulimwosha?" Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Nieleze." Nikamweleza yote, maji, nywele, kovu la kiwiko, na yeye akawa anasikiliza kama mtu anayepewa maji ya kunywa. Sijawahi kuombwa jambo zito kuliko hilo. Nilipokuwa nikisimulia, nilikuwa nikisikia kwa masikio yangu mwenyewe orodha ya niliyopewa: usiku mzima kando ya kitanda, mkono wa kushika, swali la paka, mwili wa kuosha, watu wa kulala nami sakafuni. Yule mama hakupewa hata kimoja. Uchungu niliokuwa nao kwa Mungu na kwa watu ulianza kulegea siku hiyo, si kwa sababu msiba wa jirani ulinifariji, Mwenyezi Mungu anikinge na faraja ya namna hiyo, bali kwa sababu nilikuwa nimehesabu miaka yote kile kilichoondoka na sikuwahi kuhesabu kilichobaki mkononi.

Vizuizi vilipoondolewa na kaunti ikafunguliwa mwezi Julai, nilishona barakoa 60 za kitambaa cha pamba nikazipeleka katika wadi ile aliyofia mwanangu. Nilitaka kumwona muuguzi wangu na kumwambia ahsante iliyochelewa miaka miwili. Nikaambiwa amehamishwa. Hawakuniruhusu kuingia, na ilikuwa sawa, ila nikiwa nimesimama mlangoni niliona ukumbini viti vya plastiki vimepangwa kimoja juu ya kingine hadi kimo cha mtu, na katika rundo hilo kile cha buluu chenye waya. Nilimuuliza mlinzi kwa nini viti vimetolewa. Akajibu kwamba wazazi hawakai tena.

Waheshimiwa, hofu ya mwanzo naielewa, na nawashukuru kwa dhati wahudumu waliokwenda kazini siku ambazo sisi tulijifungia. Zaidi ya watu 5,600 walihesabiwa kufariki kwa korona katika nchi yetu, na baadhi yao ni madaktari na wauguzi waliokuwa wakiwahudumia wengine. Lakini hata wakati ule ule ujuzi wa kutenda vingine ulikuwepo. Tarehe 24 Machi 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kushughulikia miili ya waliofariki kwa korona, likaeleza kwamba hadi siku hiyo hapakuwa na ushahidi wa mtu aliyeambukizwa kutokana na mwili wa maiti, kwamba haraka ya kuzika iepukwe, na kwamba heshima ya marehemu, dini yake na familia yake ilindwe. Wiki zisizofika tatu baada ya hapo, kule Siaya, mtu alizikwa usiku wa manane ndani ya mfuko bila jeneza, na nchi nzima ikaona picha. Mwongozo ulikuwepo, ila haukufika kwa aliyeshika sepetu. Kwa upande wa dini yetu pia njia ilikuwa wazi, kwani pale maji yanapohofiwa kuleta madhara sheria imeruhusu tayamamu, yaani kupangusa kwa udongo safi badala ya maji, na mzazi aliyevishwa glavu na barakoa angeweza kumtayamamisha mwanawe mbele ya afisa wa afya kwa dakika chache.

Kwa hiyo ombi langu ni moja, nalo ni hili: andikeni. Iwekeni katika kanuni za kaunti, kwa maandishi yatakayobandikwa katika kila wadi na kila chumba cha maiti, kwamba katika dharura yoyote ya maradhi, mtoto aliyelazwa atakuwa na mzazi au mlezi mmoja kando yake, akipewa vifaa vya kujikinga na maelekezo ya kuvitumia, na akikubali kubaki karantini pamoja na mtoto ikiwa itabidi. Katiba yetu, katika Kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya malezi na ulinzi wa wazazi wake, na inaagiza kwamba maslahi ya mtoto yatangulie katika kila jambo linalomhusu. Sioni mahali iliposema kwamba haki hiyo husimama mlangoni mwa hospitali. Waandikwe pia waliofiwa, kwamba wataonyeshwa uso, na kwamba watashirikishwa katika kuosha au tayamamu au ibada yoyote ya dini yao kwa namna iliyo salama, na masheikh na makasisi waitwe wakae na maafisa wa afya wakubaliane sasa, siku za utulivu. Na usiku wa kafyu, ikiwa itarudi, ziwepo tuktuk zenye kibali katika kila mtaa, kwa majina na namba zinazojulikana kituo cha polisi.

Nawaandikia nyinyi kwanza kabla ya Nairobi kwa sababu Jedwali la Nne la Katiba limeziweka hospitali za kaunti mikononi mwenu, na katika jedwali hilo hilo limeweka vyumba vya maiti na makaburi. Kitanda alichofia mtoto wa jirani yangu na ardhi aliyozikwa viko chini ya afisi moja. Na nawaandikia sasa kwa sababu mji wetu ni bandari na ni mwisho wa barabara kuu. Homa ya nyani, yaani mpox, ilipothibitishwa nchini kwa mara ya kwanza, Julai 2024, ilikuwa Taita Taveta, jirani zetu hapo. Maradhi mengine yatafika, nami sitaki mama wa Kibokoni, wa Changamwe au wa Mtongwe abaki tena, siku ya msiba, kumwomba mwenzake amsimulie jinsi alivyomwosha wake.

Huenda mtu akaniambia kwamba mwenye kushukuru hadai. Nimelifikiria sana jambo hilo nikiwa cherehani yangu inazunguka. Nilichoshukuru ni hisani ya mtu mmoja ambaye usiku ule angeweza kuwa amechoka, au kuwa zamu ya pili, au kuwa na mkubwa anayekataza. Mwanangu aliniona nimeketi kwa sababu ya bahati. Kadiri ninavyoishukuru bahati hiyo ndivyo ninavyoshindwa kuvumilia kuona mzazi mwingine akiitegemea.

Mwezi uliopita nilimsindikiza jirani yangu kwenye wadi ile kumwona mpwa wake. Viti vimerudi, na kina mama walikuwa wamekaa. Nilimuuliza muuguzi wa zamu kama pana agizo lolote la maandishi linalowaruhusu kukaa. Alifikiri kidogo, akasema hapana, ni mazoea tu. Kiti cha buluu sikukiona.

Naomba jibu lenu kwa maandishi, na niko tayari kuja afisini siku yoyote mtakayonipangia, pamoja na jirani yangu ambaye amekubali kusema yake mwenyewe mbele yenu.

Wenu kwa heshima,
Mama mfiwa,
Kibokoni, Mji wa Kale, Mombasa.